Mwenyekiti Nyuma ya Uzio

Jina la Mama Kioo hakupewa na wazazi wake, na alipolisikia mara ya kwanza alikasirika. Lakini alijitakia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa kwenye kiti cha abiria cha gari dogo jeupe, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya kufundishia huwekewa upande wa mwalimu, na neno lililomtoka mdomoni kuliko mengine yote lilikuwa hilo: kioo. Unataka kugeuka? Kioo. Unapunguza mwendo? Kioo. Ukifika salama, ukaegesha vizuri, ukazima gari na kushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, atakuuliza kama uliangalia kioo kabla ya kuingia kando. Ukisema hukuangalia, unarudi ulikotoka unaanza upya.

"Lakini nimefika, mwalimu," watu humlalamikia.

"Umefika kwa bahati," huwajibu. "Mimi bahati sifundishi."

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa kuuliza. Fundi wa gereji akimwambia beringi imekufa, anataka aoneshwe maiti. Daktari akimpa dawa ya vidonge viwili kutwa, anauliza kwa nini si vitatu. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake, alizoea kuwaambia wateja barazani kwamba mke wake akifika mbinguni hataingia kwanza, atauliza lango lile bawaba zake zimefungwa upande gani na aliyezifunga ni nani. Mama Kioo alikuwa anacheka naye. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, hakuna asiyejua hilo, ila wengi wetu tunalisema tu.

Sasa, ili muelewe yaliyomkuta, lazima niwapeleke uwanjani. Ni uwanja wa udongo alioukodi miaka mingi, umezungushiwa uzio wa waya, geti moja upande wa barabarani. Kona ya mbali kuna kibanda cha matofali cha kuwekea matairi chakavu. Ng'ambo ya barabara iko shule ya msingi. Hapo ndipo Mama Kioo alipokuwa akifanya jambo ambalo walimu wenzake hawalifanyi: siku ya mwisho ya mafunzo, mwanafunzi akiwa amekwisha iva, anafunga geti, anashuka garini na kumwachia aendeshe peke yake. Yeye anakwenda kusimama kando ya kibanda, mahali anapoliona gari pembe zote, filimbi shingoni. Mlio mmoja, simama hapo hapo. Milio miwili, endelea.

Kisa cha kufanya hivyo alikuwa nacho. Anasema mtu anayejua kuna breki ya pili anaendesha kwa mguu wa mwalimu. Siku ya kwanza akiwa barabarani peke yake ndipo atagundua hana mguu. Bora agundue uwanjani, gari likienda mwendo wa kuku.

Basi siku moja ikaingia barua kwenye Bodi inayotoa leseni za walimu wa udereva. Mwandishi hakujitaja. Alisema gari la Mama Kioo breki ya pili haifanyi kazi. Bodi ikamwita. Alikwenda na cheti cha fundi na breki yenyewe ya zamani ndani ya mfuko, kuonesha kwamba alikuwa ametoka kuibadilisha. Wajumbe watatu walimsikiliza vizuri. Mwenyekiti aliishika ile breki, akaigeuzageuza, akaandika kitu, akamwambia atapata majibu.

Huyu mwenyekiti nataka mumjue, maana si mtu mbaya, na hadithi hii ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alikuwa mkaguzi wa majengo mstaafu. Maisha yake yote alikataa kutia sahihi kitu ambacho hajakiona. Ukimwambia ngazi ya ghorofa ya nne imekamilika, anapanda ghorofa ya nne. Nyumba alizokagua yeye zimesimama hadi leo. Alipostaafu, wakubwa wakaona mtu mwangalifu kama huyu afaa kuongoza Bodi, na kwamba hajui kuendesha gari hata la kusukuma hawakuona ni tatizo. Naye akaingia na tabia zake. Jumamosi moja baada ya kumsikiliza Mama Kioo, bila kumwambia mtu, alivaa kofia yake, akaenda uwanjani kwa miguu ajionee mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Barua ya uamuzi ilifika Jumatano. Mume wa Mama Kioo ndiye aliyeifungua kwa mkasi wa vitambaa, akaisoma kwa sauti barazani. Kuhusu breki, Bodi imeridhika kwamba ilikuwa nzima na shutuma hiyo inatupwa. Mama Kioo akaanza kutabasamu. Mumewe hakutabasamu, kwa sababu macho yake yalikuwa yametangulia mstari wa chini. Akasoma taratibu: "Hata hivyo, kwa kujiridhisha, mimi Mwenyekiti nilikwenda uwanjani na kwa macho yangu nikaona gari la kufundishia likizunguka na mwanafunzi akiwa peke yake ndani yake. Kanuni zinakataza kumwacha mwanafunzi bila usimamizi. Leseni ya mwalimu huyu inafutwa, wala hatapewa nyingine. Uamuzi huu ni wa mwisho."

Mama Kioo aliichukua barua, akaisoma mwenyewe mara tatu, akaikunja.

"Nimeitwa kwa breki," alisema, "nimefukuzwa kwa uwanja. Huo uwanja hakuna aliyeniuliza."

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi nyingine haijui. Alilivuta gari ndani ya ua, akang'oa kile kibao cha mafunzo cha juu ya paa, akakiingiza uvunguni mwa kitanda. Siku ile alilia, na hakujificha. Palikuwa na mwanafunzi wake mmoja, muuguzi mtu mzima aliyepangiwa kuwatembelea wagonjwa majumbani, mwoga wa usukani kupita kiasi. Mama Kioo alikuwa amemfundisha miezi minne bila kumkaripia hata mara moja. Ndiye aliyekuwa ndani ya gari Jumamosi ile. Alipokuja kumpa pole alikuta mwalimu wake amekaa kwenye kiti cha abiria cha gari lililozimwa, uani, amekumbatia mkoba. Akaingia upande wa pili, kwenye usukani, akakaa naye.

Binti wa kaka yake alikuwa wakili, tena wa hizi kesi za watu na ofisi za umma. Alikuja Ijumaa na mkoba mkubwa, akaisoma ile barua amesimama, na alipofika kwenye "kwa macho yangu" akakaa chini.

"Shangazi, huyu mzee ameandika haya kwa mkono wake?"

"Na kutia sahihi."

"Basi ametufungulia mlango. Twende mahakamani."

Shangazi mtu akaanza maswali yake. Barua imesema uamuzi ni wa mwisho. Kama ni wa mwisho, mahakamani tunakwenda kufanya nini?

"Wa mwisho maana yake huwezi kukata rufaa, kumwomba mwingine aamue badala yao. Sheria imewapa wao kazi hiyo, jaji hawezi kuwanyang'anya. Lakini jaji anaweza kuwauliza mmeamuaje. Mlikuwa na mamlaka? Mlimsikiliza mtu kwa kile mlichomhukumia? Inaitwa mapitio. Anapitia njia waliyopita."

"Kwa hiyo jaji hataniuliza kama nilishuka garini?"

"Hatakuuliza."

"Hata kama nina sababu nzuri?"

"Hata kama una sababu nzuri. Hata kama huna."

Mama Kioo alimtazama mpwa wake kama anavyomtazama mwanafunzi aliyewasha gari likiwa kwenye gia. Mambo gani haya, mtu anakwenda kudai haki yake halafu mwenye kutoa haki hataki kujua alifanya au hakufanya? Lakini udadisi ulikuwa umeshaamka. Mumewe alisema baadaye kwamba tangu barua ifike, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mke wake akiegemea mbele kwenye kiti.

Kumbe kabla ya kuomba mapitio, unaomba kwanza ruhusa ya kuomba. Mama Kioo alipoambiwa hilo alicheka hadi akashika mbavu. Yaani mtu anabisha hodi ili aulizwe kama anaruhusiwa kubisha hodi? Mpwa akamweleza kwamba mahakama haitaki kila aliyenuniwa na karani aje kuwakwamisha watu wa serikali, kwa hiyo inachungulia kwanza kama kuna jambo. Tena siku zinahesabika, ukizembea mlango unafungwa hata kama umeonewa mchana kweupe. "Kama wewe tu, shangazi. Humkalishi mtu kwenye usukani kabla hujaona ile leseni yake ya mwanafunzi."

"Hapo umenipata," alisema Mama Kioo.

Hati ya kiapo ndiyo iliyowagombanisha. Mama Kioo aliandika kurasa kumi na nne. Ameanza kufundisha lini, amefundisha nani, daktari gani na padri gani na shehe gani wanaendesha leo kwa mikono yake, na kwa nini mwanafunzi lazima aachiwe peke yake. Mpwa akachukua kalamu nyekundu, akabakiza ukurasa mmoja na nusu.

"Umenimaliza," alisema shangazi.

"Nimekusaidia. Jaji haulizi kama wewe ni mwalimu mzuri. Tunamwambia mambo matatu tu. Uliitwa kwa breki. Ulihukumiwa kwa uwanja. Na ungeulizwa, ulikuwa na la kujibu."

"Na hilo la kujibu?"

"Utawajibu wao, siku wakikuuliza. Hatusemi hukushuka. Uongo hatuandiki. Tunasema hukuulizwa."

Ruhusa ilitoka. Miezi mitatu baadaye wakaitwa kwenye shauri lenyewe. Mama Kioo alivaa gauni alilolishona mumewe kwa ajili ya siku hiyo, lenye mifuko miwili, maana alisema haendi mbele ya jaji mikono inaning'inia. Filimbi aliitia mfuko wa kulia. Alipoulizwa ya nini, alijibu kwamba anaijua mwenyewe.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyowaza, kina feni moja inayolalamika, na madirisha ya juu ambayo mtu huwezi kuchungulia nje. Jaji alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na mbele yake palikuwa na jalada lililofungwa kwa uzi. Mama Kioo alitazama huku na huku akitafuta kizimba cha mashahidi watakaoitwa. Hakuitwa shahidi hata mmoja. Walioongea ni mawakili tu, na walichoongelea ni karatasi. Mwenyekiti mwenyewe hakuwepo. Hilo lilimuudhi, kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa amemchukia yule mzee kwa moyo wake wote, na alitaka kumwangalia usoni.

Wakili wa Bodi, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, aliinama kwa heshima. "Mheshimiwa Jaji, mleta maombi hakanushi popote kwamba mwanafunzi alikuwa peke yake. Hata angeitwa tena, angejibu nini? Mwenyekiti aliona kwa macho yake. Kumwita kungekuwa kupoteza muda."

Mama Kioo alianza kunyanyuka. Mpwa wake, bila hata kugeuka, alimkamata gauni akamrudisha kwenye benchi.

Jaji alivua miwani. "Wakili msomi, angejibu nini?"

"Hilo... hatulijui, Mheshimiwa."

"Kwa nini hatulijui?"

"Kwa sababu hakuulizwa, Mheshimiwa."

"Sasa nisaidie na jingine. Mwenyekiti alipokwenda uwanjani, alikwenda kama nani? Mwamuzi au shahidi?"

Yule wakili alifungua kitabu, akakifunga, akasema mwenyekiti alikwenda kwa nia njema. Jaji akasema nia njema yake hana shaka nayo hata kidogo. "Lakini aliona jambo, akajipa ushahidi yeye mwenyewe, akajiamini, akaamua. Wajumbe wenzake wawili hawakuona kitu. Mleta maombi hakuwa na nafasi ya kumuuliza hata alikuwa amesimama upande gani."

Hilo la kusimama upande gani lilimwingia Mama Kioo kama mwiba. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa kimya, na mpwa wake akadhani amekasirika. Hakukasirika. Alikuwa anauzunguka uwanja wake kichwani, taratibu, kwa gia namba moja.

Hukumu ilisomwa wiki tano baadaye. Uamuzi wa Bodi ulitenguliwa. Leseni ilikuwa kama haijafutwa, lakini suala la uwanja likarudishwa kwa Bodi lisikilizwe upya, na wajumbe wawe wengine. Kama wanauhitaji ushahidi wa mwenyekiti, aje akae kiti cha shahidi, aseme alichokiona mbele ya Mama Kioo, na Mama Kioo amuulize.

Mpwa alimkumbatia shangazi yake ukumbini. Mama Kioo alikumbatiwa lakini mikono yake ilikuwa mizito.

"Nimeshinda nini?" aliuliza. "Jaji hajasema nilikosea, hajasema sikukosea. Nimekaa humo ndani siku mbili, kesi yenyewe ni ya kutosikilizwa, na sijafungua mdomo hata kusema shikamoo."

"Shangazi, mwanafunzi akifika salama bila kuangalia kioo, unamfanya nini?"

"Namrudisha alikotoka."

"Hata kama ameegesha vizuri?"

Mama Kioo alicheka, kicheko cha mtu aliyenaswa na mtego wake mwenyewe. Nyumbani mumewe alipopewa habari hizo alisema haya ni yale yale ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani, watu ni wale wale wa Bodi, tofauti ni mashati. Mkewe akamwambia anyamaze ashone.

Lakini mpwa alikuwa na neno jingine, na alilisema akiwa amekaa karibu naye, ameshusha sauti. "Nisikilize vizuri. Safari hii watakuuliza. Watakuuliza uso kwa uso kama ulishuka. Na wakikufutia tena wakiwa wamefuata njia, sina pa kukupeleka. Jaji hatawaingilia kwa sababu tu wamekosea. Itakuwa imekwisha."

"Nitasema nilishuka."

"Najua utasema. Ndiyo maana naogopa."

Nani hangeogopa? Ukidanganya, muuguzi anajua kilichotokea na wewe ndiye uliyemfundisha kusema kweli barabarani. Ukisema kweli, kanuni iko ukutani imeandikwa kwa herufi nyeusi: bila usimamizi. Mama Kioo hakulala vizuri wiki ile. Alimchukia mwenyekiti upya, kwa ubichi kabisa, kama vile barua imeingia jana.

Bodi ilikaa kwenye chumba kile kile, meza ile ile ndefu yenye kitambaa cha kijani kilichotobolewa na sigara za zamani. Aliyeongoza safari hii alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye kalamu mbili nywele­ni. Mama Kioo alipoulizwa alisimama, akasema ndiyo, siku ile alikuwa nje ya gari. Alikuwa amesimama kando ya kibanda, hatua thelathini. Alikuwa anamsimamia mwanafunzi wake kwa filimbi, kama afanyavyo siku zote. Akaketi. Mjumbe mmoja aliandika kwa muda mrefu, kisha akauliza, si kwa ubaya, kama kuna mtu asiyekuwa mwanafunzi wake anayeweza kusema aliisikia hiyo filimbi. Muuguzi pale nyuma akainamisha kichwa. Hapakuwa na mtu.

Ndipo akaitwa mwenyekiti wa zamani. Aliingia na kofia mkononi, akakalishwa kwenye kile kiti cha mbao ambacho miaka yote alikuwa akiwakalisha wengine. Hakujua mikono aiweke wapi. Alisema alichokiona, kwa ufupi, vile vile kama kwenye barua, hakuongeza wala hakupunguza. Mpwa akachukua karatasi zake ili asimame amuulize. Shangazi yake akamshika mkono.

"Niachie mimi. Kuuliza ndiyo kazi niliyozaliwa nayo."

Alisimama, mikono mifukoni. Sasa alikuwa anamwangalia usoni, na alichokiona hakikuwa adui. Alikuwa mzee mwenye kola iliyopauka, anayetoka jasho kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Siku ile ulisimama wapi?"

"Nje ya uzio. Karibu na geti, maana lilikuwa limefungwa."

"Kutoka hapo getini, kibanda cha matairi ulikiona?"

"Nilikiona mbele yake. Nyuma yake na ubavu wa kushoto sikuuona, ukuta ulinizuia." Alisema hivyo bila kusitasita. Mkaguzi wa majengo anajua nini kinazuia nini.

"Ulikaa muda gani?"

"Dakika kama kumi. Gari lilizunguka mara tatu."

"Lilizunguka moja kwa moja?"

"Hapana. Lilikuwa likisimama. Kila mzunguko lilisimama, likakaa kidogo, halafu likaendelea."

"Lilisimama wapi?"

Mzee alifumba macho. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini aweza kuulizwa ameona nini. "Mahali tofauti. Mara karibu na miti. Mara katikati kabisa. Mara ya tatu karibu yangu, nilimwona yule mama dereva akishika usukani kwa mikono miwili."

Mama Kioo alitoa mkono mfukoni. Filimbi ilikuwa ndani ya kiganja, lakini hakuipuliza, wala hakuinyanyua.

"Baba, kabla halijasimama, ulisikia kitu?"

Mzee alifumbua macho, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kuanzia kwenye paji, kama mtu anayesoma tena barua aliyoiandika mwenyewe.

"Nilisikia filimbi," alisema. "Mlio mmoja, gari linasimama. Halafu miwili. Mara zote tatu. Nilidhani ni watoto wa shule ya jirani, nikajua wana mechi." Aliigeuza kofia yake magotini. "Nimekuwa nayo masikioni tangu siku ile. Hakuna aliyeniuliza."

Mama Kioo alitafuta chuki yake ya miezi yote ile, akaikosa. Alimwonea huruma yule mzee, huruma ya kweli. Mwenyekiti wa kikao akamuuliza kama ana swali jingine.

Akasema hana. Akaketi, na mpwa wake akamwona anaifuta filimbi kwa pindo la gauni.

Siku ya nane uamuzi ulitoka, ukurasa mmoja tu. Bodi ilisema usimamizi ulikuwepo. Leseni ikabaki yake, kwa sharti kwamba asimame mahali ambapo hata aliye nje ya uzio atamwona. Sharti hilo alilipinga kwa nusu saa nzima barazani, akitaka kujua kwa nini, mpaka mumewe alipoinama uvunguni, akatoka na kile kibao cha gari, akampa.